Gemu ni Yangu, Namba ya Simu ni Yake

Admin, ficha jina langu vizuri. Na wale wa kuniandikia "vumilia dada, ndoa ni kuvumilia" wapite tu, leo sina hiyo nguvu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, niko na watoto wawili, tunaishi Noonkopir hapa Kitengela. Bwanangu ako na cyber, duka la kompyuta na intaneti, karibu na steji. Tulioana nikiwa nimetoka tu kusomea programu za kompyuta. Wenzangu walienda Nairobi kutafuta kazi za maana, mimi nikabaki kwa hiyo cyber nikichapia watu barua.

Nikiwa na mimba ya kwanza nikaanza kutengeneza gemu. Unatoa ng'ombe Mashuuru wakati wa kiangazi, unawapeleka mpaka sokoni Kitengela, na lazima ujue ni ng'ombe gani atatangulia. Ukichagua vibaya wote wanatawanyika. Hayo yote nilifunzwa na mama mkwe wangu, ambaye kwa Kimaasai tunamuita yeyo, tukiwa jikoni kwake. Bwanangu alikuwa akipita nyuma yangu anasema, "Bado unacheza na hiyo kitu?" Niliimaliza mtoto akiwa ananyonya, mkono mmoja umemshika yeye, mwingine uko kwa kompyuta.

Kuuza sasa ndio ilikuwa shida. Nani Kitengela alikuwa analipia kitu kwa intaneti? Kadi ya benki angeitoa wapi? Basi nikachoma gemu kwa CD nikazisambaza bure kwa cyber za hapa, za Kajiado, mpaka Kiserian. Unacheza bure mpaka ufike mto ulio katikati ya safari. Ukifika mto gemu inasimama, inakuambia upige simu, ulipe, upewe neno la kuifungua. Kila kompyuta na neno lake, ndio mtu asiombe la jirani. Hiyo akili yote ilikuwa yangu, msiniulize mara mbili.

Lakini simu nyumbani ilikuwa moja tu, yake. Akaniambia, "Weka namba yangu, mimi ndio niko dukani siku nzima. Wewe uko na mtoto." Nikaweka. Si ni bwanangu?

Jamani! Kila mtu aliyefika huo mto alimpigia yeye. Wakaanza kumuita Mwenye Ng'ombe. Hata wale wazee wa Kisomali wanaouza mifugo sokoni, ambao watoto wao walikuwa hawatoki kwa hiyo gemu, walikuwa wakisimama kumsalimia. Siku moja mteja akauliza mimi ni nani. Bwanangu akajibu nikiwa hapo hapo nimesimama, "Huyu ni mama watoto, hunisaidia kubandika karatasi kwa CD."

Kubandika karatasi! Nilitoka nje. Jioni nilipomuuliza akanicheka. "Sasa unataka nihadithie kila mteja? Familia si ni moja?"

Sasa kuna kampuni inayouza gemu kwa intaneti dunia nzima. Wamemwandikia wanataka gemu ya pili, na yeye bila haya akawaambia ako karibu kumaliza. Huyu mtu hata printa ikikwama ananiita mimi! Siku hiyo alikuja nyumbani na nyama kilo mbili, sauti tamu tamu. "Mama Naisula, tengeneza tu hii ya pili. Watu wanajua uso wangu, tukibadilisha sasa wataona sisi ni wakora." Jumamosi wageni wa hiyo kampuni wanakuja, ataionyesha mbele yao na wazee wa kwao kwenye ukumbi huko Kajiado. Mimi nimepewa kazi ya chai.

Yeyo aliposikia hakupepesa macho. Alimwambia mbele yangu, "Huyu ndiye aliniuliza ng'ombe wa mbele anatembea aje. Wewe hujawahi kuniuliza kitu." Tulipofika kwetu bwanangu akanigeukia eti nimemharibia mama yake kichwa. Hapo ndipo roho yangu ilifunga, nawaambia ukweli.

Gemu nimetengeneza. Ni nzuri kuliko ya kwanza na sioni haya kusema hivyo. Ameijaribu mpaka mto, akafurahi, akaacha hapo. Hajawahi kuvuka huo mto hata kwa gemu ya kwanza, kazi yake ni kupokea simu. Kwa hivyo hajui kwamba ng'ombe wakiingia sokoni inatokea picha yangu, majina yangu yote matatu, na maneno "Imetengenezwa na". Chini kuna namba ya simu. Nilinunua laini yangu mwezi uliopita.

Wageni watacheza mpaka mwisho, hiyo lazima, kwa sababu hii ya kuonyesha sikuiwekea kufuli pale mtoni. Dada yangu ananiambia nikimwaibisha bwanangu mbele ya wazee wa kwao, ndoa imeisha siku hiyo hiyo na watoto watabaki kwao. Hicho ndicho kinaninyima usingizi. CD iko kwa kibeti changu, na amekuwa akiiulizia tangu asubuhi. Kufuta jina langu ni kazi ndogo sana, nikikaa chini sasa hivi nimemaliza kabla chai ichemke.

Nimpe CD vile ilivyo, ama nifute? Nijibuni haraka. Lakini wewe unayetaka kuniambia nifute, niambie kwanza Naisula akiwa mkubwa nimjibu nini akiniuliza kama ni kweli mama yake alikuwa wa kubandika karatasi.