Kwa Miaka Mitatu Niliitwa Kangethe

Kwa miaka mitatu, kwenye jengo letu la Thorncliffe Park, huku ughaibuni, niliitwa Kangethe.

Mimi si Kangethe. Mimi ni Cyriaque, mtu wa Uvira. Kangethe ni Mkenya mmoja wa kiwandani kwetu aliyekula wali wangu kwenye friji ya kazini akaniachia kopo tupu.

Sasa nisikilizeni nilivyojiingiza kwenye ujinga huu.

Mwezi wetu wa kwanza hapa, lifti zote mbili zilikufa. Sisi tunakaa ghorofa ya kumi na saba. Nikapanda na mfuko wa unga begani, nilipofika ya kumi na moja pumzi ikakata, nikakaa chini kwenye ngazi.

Mlango ukafunguka. Akatoka kibibi cha Kizungu, kifupi, miwani imefungwa kamba, mkononi ubao wa kushikizia karatasi.

"Umechoka?"

"Nimechoka, mama."

"Vizuri. Saini hapa."

Huyo ndiye Bibi Goldie. Myahudi, miaka themanini na minne, na hakuna aliyemweza. Taa za kuvukia barabara mbele ya shule, aliyezipigania ni yeye. Benchi la kituo cha basi, yeye. Kila Jumatatu bibi alimwandikia diwani barua, mpaka nasikia ofisini walikuwa wakiuona mwandiko wake tu wanaenda kunywa chai.

Karatasi ilikuwa ombi la wapangaji, lifti zitengenezwe. Jina, namba ya nyumba, saini.

Jamani, kwetu nimeona watu wakifuatwa majumbani kwa sababu jina lao lilikuwa kwenye orodha. Kusaini nikaogopa. Kukataa nako nikaona aibu, bibi wa watu ananikodolea macho. Nikaandika jina la kwanza lililonijia: Kangethe.

Namba ya nyumba nikaandika ya kweli, 1707. Mjinga gani anadanganya jina halafu anaacha anwani? Mimi hapa.

"Asante, Mister Kangethe," akasema.

Basi ikawa hivyo. Kwenye lifti, siku ikiamua kufanya kazi: "Habari za asubuhi, Mister Kangethe!" Nilipougua mafua akaniletea supu ya kuku, juu ya kopo kaandika Kangethe. Majirani nao wakazoea.

Mke wangu Godelive alicheka mpaka akashika ukuta. "Papa Nicole, siku ukifa hapa watamzika Kangethe!"

Siku za amani huniita Papa Nicole, baba wa binti yetu. Akikasirika ndipo huwa Cyriaque, na hapo hata ukiwa chini kwenye maegesho unasikia.

Kila siku nilisema kesho nitamwambia bibi ukweli. Kesho hiyo ikafika miaka mitatu.

Mwezi uliopita Bibi Goldie akafa usingizini. Nadhani ndilo jambo pekee alilowahi kulifanya bila kelele.

Na wakati huohuo ombi lake la lifti lilishakuwa kesi, nayo ilikuwa imepangiwa Alhamisi. Tangazo likabandikwa ukutani: wakili wa mwenye jengo atalinganisha kila jina na mikataba ya nyumba.

Mama yangu! Wakikuta jina moja la uongo watasema bibi alighushi yote. Miaka mitatu ya kazi yake, na mimi na Kangethe wangu ndio wa kuizamisha. Yeye mwenyewe ataitwa mwongo akiwa kaburini.

Nikamtuma Nicole aulize msiba uko wapi. Akarudi: "Papa, wanakaa shiva. Siku saba za maombolezo, nyumbani kwake."

Mimi nikasikia shiba.

Nikasema, hawa watu wana akili! Sisi matanga yetu ni kulia, wao ni kushiba. Nikamwambia Godelive apike. Akapika sombe ya majani ya muhogo sufuria nzima, na ndagala, vile visamaki vikavu, juu.

Nikakuta mlango wazi, vioo vimefunikwa, watu wako kimya. Pale mbele kulikuwa na kiti kifupi kitupu. Kwetu msibani mgeni hajipandishi juu, nikakaa hapohapo na sufuria yangu mapajani. Sebule nzima ikageuka kunitazama.

Dada mmoja akanisogelea. Alikuwa Talia, mjukuu wa marehemu.

"Samahani," akasema taratibu, "hicho ni kiti cha mama yangu. Ni cha mfiwa."

Nikaruka. Zulia likaonja sombe.

"Na wewe ni nani?"

Mdomo ulishaanza: "Ka..." Nikauona ubao wa Bibi Goldie mezani, kalamu bado inaning'inia kwenye uzi.

"Naitwa Cyriaque," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Wa 1707. Nilimdanganya bibi yenu jina. Nimeharibu kesi yake. Nisameheni."

Nikalia. Mwanaume mzima, nimekumbatia sufuria.

Talia akauchukua ubao, akafunua karatasi. "Soma."

1705, saini kwa wino. 1706, saini kwa wino. Mstari wa 1707 ulikuwa mtupu. Pembeni, kwa penseli: *Cyriaque. Bado anaogopa. Msimharakishe.*

"Alijuaje?"

"Aliniambia mkeo ana sauti nzuri," Talia akasema, midomo inamcheza.

Godelive! Kumbe bibi alijua tangu wiki ile ya kwanza. Akainakili karatasi nzima upya ili kuniondoa, akapita kugonga milango wasaini tena, kisha akaendelea kuniita Kangethe miaka mitatu bila hata kutabasamu.

"Mama yake bibi alikuja huku akiwa amebaki peke yake," Talia akasema. "Ndugu zake wote Ulaya walichukuliwa kwa orodha za majina. Mpaka anakufa hakusaini hata kadi ya maktaba. Na bibi mwenyewe, ombi lake la kwanza alisaini jina la paka wa jirani."

Nikashika kalamu. Nikaandika jina langu lote, likatoka nje ya mstari.

Nilipogeuka, sombe ilikuwa imeshaliwa nusu. Watu walishiba.

Alhamisi kesi ikasikilizwa kwa video, tumejazana sebuleni mle mle. Afisa akaita: "Cyriaque, nyumba 1707?" Nikatazama huku na huku, namsubiri huyo mtu ajibu.

"Cyriaque! Simama!" Godelive huyo. Hata wakili wa mwenye jengo alishtuka.

Lifti moja sasa inafanya kazi. Ya pili bado, na ubao wa Bibi Goldie ninao mimi. Namkumbuka kila ninapopanda, yule mama mkorofi.

Wewe unayesoma hapa, ukiletewa karatasi na ukaogopa, sema tu unaogopa. Anayekuletea huenda naye alianza kwa jina la paka.

Juzi nilimkuta mama mmoja mgeni amekaa kwenye ngazi ya ghorofa ya kumi na moja, anahema. Nikampa ubao na kalamu, akaandika jina. Kabla hajamaliza, mumewe akamwita kutoka juu kwa jina lingine kabisa.

Nikamwambia asante, nikamtaja kwa lile aliloandika. Halafu nikatafuta penseli.