Tangi la Kukamulia Mapovu ya Mjomba

Mjomba wangu alikuwa akizamia kambakoche nje ya mwamba wa Watamu, akivuta pumzi kwa mpira mrefu uliotoka kwenye kompresa iliyokaa mashuani. Siku moja mwaka jana kompresa ikazima ghafla, naye akapanda juu kama kizibo. Jioni bega la kulia likaanza kumuuma. Kulipokucha, mkono ukagoma kupita kifua.

Daktari alituambia kuna mapovu ya upepo yamenasa kwenye kiungo, kama yale ya soda ukifungua chupa kwa pupa. Dawa yake ni kumfungia mgonjwa ndani ya tangi la chuma, ajaziwe upepo wa kumkandamiza kana kwamba amerudi chini ya bahari, kisha afunguliwe polepole. Lakini matangi hayo yalikuwa ya wanamaji, mbali, nasi hatukumjua mwanamaji hata mmoja. Daktari akasema bega huenda likalegea lenyewe, tusubiri.

Mjomba hakuuliza atarudi lini baharini. Aliuliza habari ya harusi. Dada yangu alikuwa aolewe baada ya Idi, na katika harusi zetu Mjomba ndiye afunguaye kirumbizi, ule mchezo wa bakora ambapo wawili huingia uwanjani kwa ngoma na zumari wakashambuliana kwa madaha. Bakora ikikujia kichwani, huna budi kuinua mkono uipangue. Wa Mjomba ulikuwa unafika kwenye kifungo cha pili cha shati, basi.

"Tulitengeneze wenyewe hilo tangi," nikasema. Mgandamizo wa hewa nilikuwa nimeusoma darasani. Tuseme nusu yake, maana nusu ya kipindi nilikuwa nje, nimefukuzwa kwa kuigiza mwendo wa mwalimu.

Bibi, mama yake Mjomba, alikuwa juu ya mbuzi akikuna nazi. Bibi huniita mume wake, kama bibi wote wanavyowatania wajukuu.

"Mume wangu, mlango wa choo tu unakushinda kufunga. Tangi utaliweza?"

"Nikiliweza utanipa nini?"

"Talaka."

Tangi tulilipata Kisumu Ndogo, mtaa wa hapa kwetu Malindi, limetupwa nyuma ya gereji. Zamani lilikaa mgongoni mwa lori la maji. Tulilikokota kwa mkokoteni hadi uani kwa Bibi, watoto wakitufuata na kuuliza nani amekufa. Mjomba aliingia kulipima, akalala chali, miguu ikaenea. "Pana nafasi kuliko kitandani kwangu," akasema kwa sauti ya mwangwi. Nikachora mpango kwa mkaa ukutani. Kompresa ileile ya mbizi ingesukuma upepo kupitia valvu ya tairi, fundi wa pancha angetuazima geji, na kioo cha miwani ya kuzamia kingekuwa dirisha, ili tuone kama Mjomba bado yuko hai.

Shida ilikuwa mfuniko. Marehemu babu alikuwa fundi wa mashua, basi Mjomba akachonga mfuniko wa mbao nzito, tukaukaza kwa boliti, na pande zote akautia kalafati: pamba iliyolowekwa katika mafuta ya papa, ikashindiliwa kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo. Mkono wa kulia ulikuwa hauna kazi, kwa hiyo alipiga kwa wa kushoto. Mwanzo alipiga kidole chake, mfuniko, na mara moja goti langu. Kufika wiki ya pili alikuwa akigonga huku anazungumza, bila kutazama. Mimi nilishughulika na kuziba pua.

Siku ya kujaribu, Bibi akasimama mbele ya tangi, mikono kiunoni. "Mwanangu haingii humo kwanza."

"Basi tumtie jogoo," nikasema. "Si atachinjwa kwa pilau ya harusi?"

"Achinjwe kwa kisu na bismillahi! Akipasuka humo ni mzoga, utamla wewe peke yako."

Hata hivyo jogoo akaingia. Tukakaza boliti, kompresa ikanguruma, mshale wa geji ukaanza kupanda. Kupitia dirishani jogoo alinitazama kama mwalimu mkuu. Mshale haujafika hata upepo wa tairi la baiskeli, nikasikia tsss. Pamba ikachungulia kwenye mwanya, ikajinyonga kama utumbo, kisha pwaa! Kalafati yote ikaruka kwa mpigo mmoja, ikanivaa usoni pamoja na mafuta ya papa. Mfuniko ukapasuka katikati. Jogoo akatoka, akajikung'uta, akawika.

Mjomba akazima kompresa. Aliutazama mfuniko, akanitazama mimi, akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba alinifundisha kuziba bahari isiingie," akasema. "Kuzuia upepo usitoke hakunifundisha."

Bibi hakucheka. Alishika ubao uliopasuka, akamshika mwanawe shingoni, akamwambia akimwona tena karibu na tangi lile atamzika nalo. Mambo ya tangi yakaishia hapo.

Shuleni nilikaa dawati peke yangu wiki nzima kwa harufu ya papa. Sikuona ubaya, nilipata nafasi ya kulala.

Siku ya harusi bega lilikuwa bado halijafunguka. Zumari ilipolia, watu wakamtazama Mjomba kwa huruma. Akachukua bakora kwa mkono wa kushoto, akaninyoshea mimi. Niliingia kwa mbwembwe zote, nikijua nitamwonea mgonjwa. Bakora yake ikanijia kutoka upande ambao hakuna mtu Malindi aliyefundishwa kuutazama. Ta, ta, ta! Kama anagonga kalafati. Mara ya tatu kofia yangu ikaruka, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Mume wangu!" Bibi akapaza sauti. "Rudi kwenye tangi!"

Sasa mkono wa kulia wa Mjomba unafika sikioni. Anasema hana haraka nao. Jogoo tulimla, halali kabisa.