Mwenya Chisulo na mistari mipya ya Barabara ya Mutondo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Novemba limeshaanza kuchoma mabega, na Mwenya Chisulo anatembea taratibu nyuma ya mashine ya kupaka rangi inayosukumwa na wenzake wawili. Mkononi ana kopo la chenga za kioo. Mashine inaacha mstari mweupe, mbichi, naye anaunyunyizia chenga hizo kama mtu anayelisha vifaranga.

"Bila hizi, usiku dereva haoni mstari," anasema bila kuinua macho. "Mimi nataka waone. Waone mpaka waone haya."

Anacheka kwa sauti, na fundi anayeshika usukani wa mashine anamwomba asimchekeshe, mstari usije ukapinda.

Huu ndio mstari wa mwisho. Saa mbili kamili vizuizi vitaondolewa, na kipande cha Barabara ya Mutondo kutoka zahanati hadi sokoni, katika kitongoji hiki cha magharibi mwa Lusaka, kitafunguliwa kikiwa na sura ambayo wakazi wake hawajawahi kuiona.

Zamani magari yalikwenda kwa safu nne, kila moja likikimbizana na mwenzake, na mwenye miguu alitafuta pa kupita kwenye vumbi. Sasa magari yamebakiwa na safu moja kila upande. Kando yake kuna njia ya baiskeli iliyokingwa kwa ukingo wa zege, kisha njia pana ya waenda kwa miguu. Vivuko vimeinuliwa kama matuta, na katikati ya barabara kuna kisiwa cha kupumzikia anayevuka.

Lakini ni majaribio ya mwezi mmoja tu. Foleni zikizidi, au wafanyabiashara wakikataa, kila kitu kitang'olewa.

"Ndiyo maana silali vizuri," anasema Mwenya, mwanamke mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu. "Nimepaka barabara nyingi. Hii ni ya nyumbani."

Ni ya nyumbani kweli. Kabla ya kupata kibarua cha rangi alikaanga vitumbua hapa hapa mbele ya zahanati. Na ni hapa gari dogo lilipomgonga mdogo wake wa kike, Musonda, akitoka kumpima mtoto wake uzito. Mtoto alirushwa kwenye majani, akatoka bila mchubuko. Musonda alivunjika nyonga, na hadi leo anachechemea.

Tangu siku hiyo Musonda hajavuka barabara hii kwa miguu. Mama yao anaishi upande wa pili, nyumba yake inaonekana kabisa. Musonda akitaka kumsalimia hupanda basi hadi mzunguko wa magari wa huko juu, akashuka, akapanda jingine la kurudi.

"Analipa nauli mara mbili kwenda mahali anapopaona kwa macho," anasema Mwenya. "Mtu akisikia anacheka. Mimi sicheki."

Kazi ilipoanza, matusi yalikuja kabla ya rangi. Mpango ulitaka vibanda virudi nyuma ya njia ya miguu, na Mama Lubuto, muuza nyanya na mwenyekiti wa wafanyabiashara, hakuumeza.

"Nilimwambia waziwazi," anasema Mama Lubuto, akimwita kwa "Ba" ya heshima. "Ba Mwenya, umekula hapa kando ya barabara na sisi, umesomesha watoto hapa. Leo umevaa koti la kung'aa unatufukuza?"

Kwa wiki mbili hawakusalimiana.

Gershom Zimba, dereva wa basi dogo, naye alikuwa akipunguza mwendo kila siku kwenye upande uliobaki wazi ili tu amchokoze. Zimba ni Mngoni, Mwenya ni Mbemba, na watani hawaachiani.

"We mla nyani! Umenichorea barabara nyembamba kama mkia wa babu yako!"

"Pita taratibu, mla panya, usije ukamkanyaga mjomba wako!"

Kisha ikaja Alhamisi iliyopita.

Mwenya na wenzake walikuwa wamemaliza kupaka kivuko kikubwa cha zahanati, rangi bado inanata, wingu lilipotokea upande wa mashariki. Mvua ya kwanza ya msimu haikubisha hodi. Matone mazito yakaanza kudondoka, na turubai walilokuwa nalo halikufunika hata nusu.

"Nilipiga kelele kama mtu aliyeibiwa," anakumbuka Mwenya. "Rangi yangu jamani! Rangi yangu!"

Ndipo akamwona Mama Lubuto akikimbia. Alikuwa amevua nailoni iliyofunika meza yake, anaiburuta barabarani.

"Mama, na nyanya zako?" Mwenya alimuuliza.

"Nyanya zinaoga, hazifi! Shika huko!"

Wengine wakamfuata, huyu na mwavuli, yule na plastiki ya kibanda. Wakakizunguka kivuko, wakanyanyua nailoni juu ya vichwa, maji yakiwashuka migongoni. Zimba alipofika na kuona, alilisimamisha basi kando yao liwe ukuta, magari ya upande wa pili yasirushe maji. Abiria walilalamika. Aliwaambia anayeharakisha ashuke akaogelee.

Mtu akaanzisha wimbo wa kanisani, wengine wakaitikia. Waliimba mpaka mvua ikakatika, na walipoteremsha nailoni, mistari ilikuwa pale pale, myeupe.

Inonge Sitali, mhandisi wa mradi, alifika akiwa amelowa chapachapa. "Nilikuja kuhesabu hasara," anasema. "Nikakuta watu wanacheza."

Mama Lubuto ana maelezo mafupi. "Nilimkasirikia Mwenya. Sikuukasirikia mstari. Mimi ndiye niliyemfunika Musonda kwa chitenge siku ile alipogongwa."

Saa mbili vizuizi vinaondolewa. Baiskeli za wachuuzi wa mkaa zinatangulia kwenye njia yao, kengele zikilia, na wenyewe wanapunga mkono kama wabunge. Wanafunzi wanavuka, wanarudi, wanavuka tena.

Halafu Musonda anatokea, mkono ndani ya mkono wa dada yake. Anasimama ukingoni. Basi la Zimba linakuja.

Zimba anasimama kabla ya mstari. Anatoa kichwa dirishani.

"Pita, shemeji! Leo barabara ni yako. Ila dada yako mla nyani atalipa ushuru!"

Musonda anavuka hadi kisiwani, anapumua, anauachia mkono wa Mwenya, na kumalizia peke yake. Upande wa pili mama yao amesimama, mikono imefunika mdomo. Vigelegele vinapasuka, na sauti ya Mama Lubuto inavipita vyote.

Mwenya anajifuta uso kwa mkono wenye rangi, anabaki na alama nyeupe shavuni.

Mwezi wa majaribio ndio kwanza umeanza, na anajua hukumu haijatoka. Lakini ameshamwomba mhandisi Inonge nafasi kwenye kikosi kitakachopaka barabara ya shule ya msingi ng'ambo ya reli, ikiwa hii itapita. Na ana jambo jingine, analolisema kwa kunong'ona, Zimba asisikie.

"Nitanunua baiskeli. Sijawahi kuendesha maishani, nilikuwa naogopa. Nitajifunzia hapa hapa, kwenye njia niliyoipaka mwenyewe. Nikianguka, nianguke kwangu."