Siku Niliyokwenda Kupiga Fidla Nimepakwa Mafuta

Chekeni tu, mimacho hiyo naijua, na mie yasingenifika mwenyewe ningecheka mpaka nishike mbavu, lakini nawaambieni kuna harusi moja ya Kinondoni ambayo mpaka leo nikimwona mtu aliyekuwepo navuka barabara, hata kama upande wa pili kuna matope.

Enzi hizo Mwingereza bado yupo, mie kijana wa Songea nimekuja mjini, karani wa bohari, nimepanga chumba Temeke, kalamu mfuko wa shati, nywele nimezichana njia pembeni (nilikuwa najiona, msidhani nilizaliwa na hiki kipara), na tamaa yangu moja tu, kupiga fidla kwenye klabu ya taarabu ya mtaani kwetu. Aliyenipokea ni Mwalimu Sefu, mzee mwembamba, msemaji wa polepole, mtu ambaye hata akikukemea unaona kama anakubembeleza.

Sasa huyu Mwalimu alikuwa na njia yake. Wengine wakifundisha nyimbo, yeye anakufundisha kukaa. Nakwambia kukaa! Unakaa kitini, unashusha mabega, unatoa pumzi yote, halafu unavuta upinde juu ya uzi mmoja, taratibu, kutoka mwanzo wa upinde mpaka mwisho, huku unausikiliza mwili wako wapi umekaza, ukipakuta unapalegeza ndiyo unaendelea. Nusu saa kila siku, uzi mmoja, hamna wimbo, hamna nini. "Mkono uliokaza haupigi fidla, unakwangua sufuria," ndivyo alivyokuwa akisema.

Mie hiyo nusu saa sikuifanya. Si kwamba niliifanya kidogo, hapana, sikuifanya kabisa. Jioni nikitoka kazini nasimama dirishani makusudi, nakurupusha nyimbo za haraka haraka ili wasichana waliopanga foleni ya maji pale bombani wanisikie, mabega yako juu masikioni, shingo imekakamaa, naona raha yangu. Ijumaa nikienda kwa Mwalimu ananiuliza, "Yohana, ile nusu saa umeifanya?" Namjibu bila kupepesa, "Nimeifanya, Mwalimu, kila siku."

Basi ananigusa bega, anatikisa kichwa. "Mbona bado gogo?" Akanibadilishia kiti, akaona labda ni kirefu. Akanishonea kimto cha pamba cha kuweka chini ya fidla. Mara nyingine anakaa ananitazama, anajikuna ndevu tu, na mie najifanya navuta pumzi kwa unyenyekevu. Miezi saba hiyo.

Pale klabuni palikuwa na mwalimu wa pili, Fundi Hamadi, yeye alifundisha kwa rula. Ukikosea, pwaa! vidoleni. Huyu bwana alikuwa akimcheka Mwalimu Sefu waziwazi, anamwita mwalimu wa usingizi, na akawa anamshikilia mwenyekiti wetu, Mzee Kombo, wanafunzi wote wahamishiwe kwake. Mzee Kombo hakupenda ugomvi, akakata shauri mbele yetu sote: "Kuna harusi Kinondoni Jumamosi. Yohana ni wa Mwalimu Sefu, huyu ndiye atafungua, fidla peke yake kabla mwimbaji hajaingia. Akipiga vizuri, Mwalimu anaendelea na wanafunzi wake. Akivuruga, wanakwenda kwa Hamadi, na Mwalimu atapumzika nyumbani."

Mwalimu Sefu alinitazama akacheka kidogo, akanipa fidla yake mwenyewe na upinde wake mwenyewe, vile alivyokuwa akivifunga kwa shuka safi kama mtoto mchanga. Ndugu zangu, nikavipokea kwa mikono miwili.

Jumamosi asubuhi nikajaribu ile nusu saa (ndiyo, mara ya kwanza, siku yenyewe ya shughuli!). Bega limekaza kama limepigiliwa misumari, kila nikisema legea ndiyo linazidi kukaza. Nikatoka nje natweta. Jirani yangu Bi Zuhura alikuwa uani anakuna nazi. Huyu mama alikuwa mkandaji, anakanda wazazi waliojifungua, anakanda wachukuzi wa bandarini, anakanda wacheza mpira walioteguka. Akaniona nilivyosimama. "Mwanangu, una nini? Umemeza mti?"

Likanijia wazo. Na hapa ndipo ningerudi nyuma kama ingewezekana. Nikajisemea, Yohana, Mwalimu anataka mwili ulegee, basi si ulegee tu, nani atauliza umelegezwa na nani? Nikamwambia, "Mama, nikande mabega na mikono, nina shughuli alasiri."

Jamani, yule mama ana mikono! Alinilaza mkekani, akaleta mafuta ya nazi aliyoyachemsha na karafuu na manjano, akanikandamiza kuanzia kisogoni mpaka kwenye ncha za vidole, nikalia, nikacheka, nikasinzia. Nilipoamka nimelegea kweli, mkono ukiuinua unaanguka wenyewe. Akaniambia, "Sasa nenda kalale, na usioge mpaka kesho, dawa iingie kwenye mifupa."

Kulala sikulala, muda ulikuwa umekwenda. Lakini kuoga je? Mtu yeyote aliyekandwa na mama zetu anajua, ukioga umeharibu, baridi inakuingia, na lawama juu. Mie niliyemdanganya mwalimu wangu miezi saba bila aibu, siku hiyo ndiyo nikaamua kuwa mtiifu. Nikavaa shati langu jeupe la klabu juu ya mafuta vilevile, nikapanda baiskeli, fidla mgongoni, Temeke mpaka Kinondoni, jua kali na vumbi.

Nilipoingia kwenye ua wa harusi, wanawake wamejaa, wamevaa kanga sare, udi unafuka, ghafla wote wakanigeukia. Nikajitazama. Shati lilikuwa la njano kuanzia kola mpaka kwenye pindo la mkono, limenigandia mwilini, vumbi limekaa juu yake, na harufu ya karafuu inatangulia mbele yangu. Mama mmoja wa mbele akapaza sauti: "Enyi watu, mmetuletea bibi harusi wa pili? Na huyu mbona kasingwa manjano vibaya!" Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Mie nikatabasamu kama bwana mkubwa, nikaenda kukaa kitini kwangu, maana nilijua nikianza kupiga watanyamaza.

Nikashusha mabega, yakashuka. Nikatoa pumzi, ikatoka. Nikasema moyoni, kumbe ni rahisi hivi! Nikaweka upinde juu ya uzi nikavuta.

Kimya.

Nikavuta tena, nikakaza kidogo. Upinde unateleza tu juu ya nyuzi kama mtu anayepita kwenye utelezi, hautoi hata mkwaruzo. Sasa nyie msiojua fidla, zile za upinde ni nywele za farasi, zinapakwa utomvu mkavu ili zishike uzi, ndiyo sauti itoke. Mafuta ni adui yake namba moja. Na mie kila niliposimama njiani nilikuwa nikizishikashika kwa vidole vilivyolowa mafuta, kuhakikisha upinde uko salama! Nikaona niupanguse haraka, nikaupangusa kwa nini? Kwa mkono wa shati. Lile lile shati.

Nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na hapo kidevu kikateleza, fidla ikanichomoka shingoni ikaruka, nikaidaka kwa magoti, kiti kikaenda kinyumenyume, nikaanguka chali mbele ya bibi harusi, miguu juu, fidla ya Mwalimu nimeikumbatia kifuani. Vigelegele vilivyopigwa hapo, bwana harusi mwenyewe hakuvipata.

Na katikati ya vicheko ikasikika sauti ninayoijua. Kumbe Bi Zuhura kaalikwa! Kainuka kule nyuma, kashika kiuno: "We Yohana! Si nilikwambia ukalale wewe? Mtu nimemkanda asubuhi, mafuta hayajakauka, anakuja kuruka ruka hapa!"

Fundi Hamadi akashika usukani, wenzake wakaanza kupiga muziki kufunika aibu, na Mzee Kombo akatuita nyuma ya nyumba, mie, Mwalimu Sefu, na huyo Hamadi aliyekuja upesi baada ya wimbo wa kwanza na meno yote nje.

"Mmeona wenyewe," Hamadi akasema. "Miezi saba anafundishwa kulegea, mpaka ameishia kwa mkandaji! Hiyo ndiyo elimu?"

Mzee Kombo akanigeukia. "Yohana, sema. Ulifuata alivyokufundisha Mwalimu, ikashindikana, ndiyo ukaenda kukandwa?"

Swali lenyewe lilikuwa na mlango wazi. Ningesema ndiyo, ningeonekana kijana masikini aliyepotezwa na mwalimu wa usingizi, wangenionea huruma, pengine Hamadi angenichukua. Na Mwalimu Sefu alikuwa kasimama pale, kashika upinde wake unaonuka karafuu, hanitazami. Naapa nilifungua mdomo kusema ndiyo. Lakini nilipomwona anaupangusa ule upinde kwa ncha ya kanzu, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto makamasi, ile ndiyo ikakataa kutoka.

"Hapana, mzee," nikasema. "Sikufanya."

"Hukufanya nini?"

"Alichonifundisha. Sikukifanya."

"Siku ngapi hukukifanya?"

"Zote."

Hamadi akacheka, kisha akaacha kucheka, maana alielewa neno hilo linampeleka wapi. Mzee Kombo akashika kichwa. Mie nilidhani Mwalimu atafurahi, nimemwokoa, si ndiyo? Akanitazama, macho yamejaa maji, akasema, "Miezi saba, Yohana. Miezi saba namwambia mke wangu nimezeeka, sijui tena kufundisha. Kila Ijumaa ukiondoka nakaa pale barazani najiuliza nakosea wapi. Juzi nimemwambia Jumamosi ikipita naacha." Halafu akaongeza, na ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akitukana, "Mshenzi wee."

Nilitamani ardhi ipasuke. Kuanguka chali mbele ya wanawake mia ilikuwa mchezo tu.

Mzee Kombo akaamua wanafunzi wabaki kwa Mwalimu Sefu, na mie nitolewe kwenye safu, nibebe viti na kufagia ukumbi mpaka atakaponikumbuka. Hamadi akarudi kwenye rula yake. Upinde nikaupeleka mwenyewe kwa fundi mmoja Mhindi mjini akaubadilishe nywele, na ulipokamilika nikaenda nao kwa Mwalimu, mguu mzito, nikapiga hodi.

Akafungua mkewe, mama mnene mweusi mfupi. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Hakuitikia. Akanitazama juu mpaka chini. "Wewe ndiye Yohana?"

"Ndimi, mama."

"Marahaba. Ingia ukae. Mwalimu anavaa." Akanipa fidla ya Mwalimu, akavuta kigoda akakiweka mbele ya kiti changu kabisa, goti kwa goti, akapakata ungo wa mchele akaanza kuchambua. "Endelea. Hiyo nusu saa yenu. Leo nataka kuiona kwa macho yangu, na kesho, na keshokutwa."

Akakaa hivyo kila jioni, nawaambieni, miezi mitatu, bila kukosa, na mikono yangu ikalegea kweli bila mafuta ya mtu. Tangu hapo mtu akiniuliza umefanya, na mie sikufanya, nasema sikufanya, awe mwajiri, awe padri, awe mke wangu. Uvivu wangu ni wangu, nitaubeba mwenyewe. Sitaki tena mtu mwingine akae barazani kwake akijilaumu kwa ajili yangu.