Tumbo Lako Usilionee Haya

Ipo siku moja, mwanangu, naikumbuka na hasira zake zote, na sitaki kuzipoza ndipo nikusimulie. Kaa usikilize. Kama unakula, endelea kula, maana ninayotaka kusema ni mambo ya tumbo na ya chooni, na nimechoka kuyasemea pembeni kama vile tumeiba.

Nilikuwa msichana, nimemaliza darasa la saba, tunaishi Mnyuzi. Baba yangu, mzee Mbwana, alikata mkonge tangu ujana wake mpaka magoti yakagoma, akabaki nyumbani analima kidogo. Meno ya nyuma yalikuwa yamekwisha kung'oka. Mama na sisi watoto tulimpenda sana, na kwa kumpenda huko tukamwondolea kila kitu kigumu. Mchunga, ile mboga chungu ya majani, tukasema una nyuzi, hatauweza. Maharage yatamletea gesi. Ugali wa dona unamkwaruza koo. Basi mzee akawa mtu wa wali mweupe, mkate, na chai ya sukari nyingi. Maji hakunywa, kwa sababu choo chetu kilikuwa chini bondeni, nyuma ya migomba, na kushuka kule magoti yalimuuma. Aliamua peke yake, bila kumwambia mtu, kwamba asipokunywa hatahitaji kwenda.

Tumbo likafunga. Hakusema. Mwanamume wa umri ule, mwenye mabinti wakubwa ndani ya nyumba, angeanzia wapi? Alimnong'oneza jirani, jirani akamletea mizizi ya kuendesha. Ikamwendesha mpaka akaishiwa nguvu, kisha tumbo likafunga kuliko mwanzo, akaongeza mizizi. Sisi tuliona tu mzee hali, anajikunja, tukasema ni homa.

Mdogo wake baba, shangazi Mwantumu, alikuwa ameolewa Sindeni. Aliposikia kaka yake hali chakula alikuja, akafika mchana jua kali, mzigo ungali kichwani. Nikamwamkia. Marahaba alinirushia bila kunitazama, akaingia moja kwa moja alipolala baba, akaweka kiganja juu ya tumbo lake. Lilikuwa limevimba, gumu.

"Kaka, choo umepata lini mara ya mwisho?"

Baba akageukia ukutani.

Mama akasema kwa sauti ya chini, "Wifi, hayo si ya kumuuliza mtu mzima mbele ya watoto."

Sijapata kumwona mwanamke amekasirika vile. Alisimama, akatutazama mmoja mmoja.

"Mbele ya watoto! Mnataka nimuulize akiwa kwenye sanda? Mnamlisha mikate kama mtoto anayeota meno, mnakaa humu mnaheshimiana, na mtu anakufa kwa kukosa choo!" Kisha akamgeukia baba. "Na wewe! Nyapara wa shambani ulikuwa unabishana naye uso kwa uso. Leo kusema tumbo limefunga ndiyo unashindwa?"

Baba alikuwa bado ametazama ukuta. Mabega yakaanza kumtikisika, na hapo nikajua analia. "Mwantumu," akasema, "naumwa sana."

Tukaomba trekta la shamba likatufikisha hospitali Korogwe. Daktari akasema utumbo umejaa kinyesi kilichokauka, na ile mizizi ilikuwa imemmaliza maji mwilini. Akasema tungezidi kungoja, utumbo ungepasuka. Akatibiwa, akapona. Wakati tunasubiri nje, shangazi alikuwa anatembea huku na huku, anafoka bado, hata sijui alikuwa anamfokea nani.

Tuliporudi Mnyuzi hakuondoka. Aliingia jikoni kwa mama bila kuomba ruhusa. Mchunga ule ule tuliosema una nyuzi akaukatakata mwembamba, akaupika mpaka ukalainika, na baba akaula bila meno. Maharage yakapondwa. Papai likawekwa asubuhi, maji yakawekwa karibu na mkono wake. Akadai kaka zangu wachimbe choo kingine karibu na nyumba, na juu yake wapigilie kiti cha mbao chenye tundu, ili magoti ya mzee yasiwe na kisingizio. Kila asubuhi baada ya uji alimwambia, "Haya, nenda kakae, hata kama hujisikii." Jioni alimtembeza hadi kwenye reli na kumrudisha. Baba alilalamika kila siku, na kila siku alikwenda. Aliishi kuona wajukuu, na alipokuja kufariki, hakufa kwa tumbo.

Ungedhani hadithi imekwisha hapo, mwanangu, mimi nimekaa namshukuru shangazi. Hapana. Hasira yangu yenyewe ndiyo kwanza inaanza.

Mwaka juzi nilikwenda Sindeni kumjulia hali. Alikuwa bibi tayari, mjane, anakaa na mwanawe wa kiume na mkwe. Nikamkuta anajifunga khanga mara mbili mbili, mwili umebaki mifupa.

"Shangazi, umekonda."

"Ndiyo kuzeeka huko. Kaa unywe chai."

Nikakaa, nikanywa chai. Lakini nilimwona jinsi anavyogusa chakula tu na kusukuma sahani. Nikamuuliza mkwe wake kando, yule binti akainamisha macho, akasema bibi ananunua dawa za kusafisha tumbo pale standi ya Mombo kila apitapo, kwa wale wachuuzi wenye vipaza sauti. Wale watu! Wana chupa moja inayotibu bawasiri, vidonda vya tumbo, gesi, mgongo na mkosi wa mapenzi, na abiria ananunulia dirishani, basi linaondoka, hata jina la aliyemuuzia halijui.

Nikamtia shangazi kwenye gari kwa lazima. Korogwe wakampima, wakatuandikia rufaa, huko nako wakampima tena. Ilikuwa saratani ya utumbo mpana, na ilikuwa imekwisha kwenda hadi kwenye ini.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda chake. "Ulianza kuona damu lini?"

"Zamani kidogo. Nilidhani bawasiri."

"Kwa nini hukusema?"

"Nimwambie nani? Mwanangu wa kiume? Mkwe?"

"Na mimi je?"

"Wewe ungenifokea."

"Ningekufokea, ndiyo!" Wodi nzima iligeuka. "Ningekufokea ulivyomfokea baba! Wewe ndiye uliyeingia nyumbani kwetu na mzigo kichwani, ukamuuliza mtu mzima choo mbele ya watoto wake. Kwa hiyo yale maneno yalikuwa ya watu wengine, wewe hayakuhusu?"

Alinishika mkono. Alisema polepole, "Kumsemea mtu ni rahisi. Ikawa mwili wangu, nikaona haya."

Tulimzika kabla ya mahindi kukauka. Msibani watu walisema amekufa kwa uzee. Nikasimama pale pale kwenye mkeka wa wanawake nikasema, hapana, amekufa kwa saratani ya utumbo, na alikuwa anaona damu, na hakumwambia mtu. Mama mmoja akanivuta nguo nikae. Sikukaa. Wiki ile ile, wanawake wawili wa pale walinifuata kwa siri wakaniuliza hiyo damu inakuwaje. Nikawapeleka hospitali mwenyewe. Mmoja alikuwa na bawasiri tu. Mwingine alikutwa na uvimbe mdogo, ukatolewa mapema, na sasa hivi yuko shambani kwake anapalilia.

Kwa hiyo sikia. Mwili ukizeeka, tumbo nalo linapunguza mwendo, na kulipuuza ni kulionea. Kula mboga za majani na dona na maharage na matunda. Meno yakikuishia, vilainishe, vipondeponde, usiviache. Maji kunywa hata kama choo kiko mbali, na kama kiko mbali, kisogezwe. Tembea. Haja ikikujia, nenda, usiibane kwa sababu ya wageni sebuleni. Vidonge vya maumivu usivimeze kwenye tumbo tupu kila magoti yakilia, vinachubua tumbo kimyakimya. Dawa za kuendesha za kuokota okota standi uwaachie wenyewe.

Na ukiona damu, au choo cheusi kama lami, au unakonda bila sababu, au tumbo limebadilisha tabia zake likakaa hivyo wiki baada ya wiki, usiniambie ni uzee. Uzee hautoi damu. Nenda hospitali, na ukifika usimwambie daktari "naumwa kidogo tu hapa." Mwambie choo, kwa jina lake. Na mzazi wako muulize, hata akikugeuzia mgongo. Muulize tena.

Mungu akupe umri mrefu, mwanangu, na hamu ya chakula, na tumbo jepesi kila asubuhi, na mdomo usiosita pale mwili unapoomba msaada. Amina. Na kama kuna kitu unanificha, sema sasa hivi.