Penseli Mbili za Marashi

Kila nikisikia harufu ya marashi ya mawaridi, narudi kwenye chumba cha mtihani wa taifa wa darasa la nane. Asubuhi ile nyanya alizisomea dua penseli zangu mbili, akazinyunyizia marashi.

"Usimpe mtu," aliniambia, "baraka isije ikatoka."

Mbele yangu alikaa shoga yangu tangu nasari. Kwao hawakuwa na uwezo, kwa hiyo alihitaji alama za juu apate ufadhili wa sekondari. Katikati ya hesabu penseli yake ilivunjika. Msimamizi alipotupa kisogo, aligeuka.

"Shoga, niazime moja. Zako mbili zanukia kama bibi harusi na mpambe wake!"

Alicheka kwa macho tu. Nikainamia karatasi kana kwamba sikumsikia. Hakuuliza tena. Nilimsikia akiichonga penseli yake kwa meno, na muda ukienda.

Ufadhili aliukosa kwa alama chache. Siku ya matokeo alikuja kwetu kunipa hongera, akamwamkia nyanya, "Shikamoo," akanywa chai, akaondoka.

Ile penseli ya pili sikuitumia. Ninayo bado, na ncha yake ni kali vile vile.