Mtoto Anacheza?

Miezi mitatu ya mwanzo ya mimba ile sina la kuisifia, maana niliimaliza nikiwa nimeinama nyuma ya ghala la wimbi, ule ulezi wetu, natapika. Ulipoingia mwezi wa nne niliamka asubuhi moja kichefuchefu hakipo. Badala yake ilikuwapo njaa, na njaa ile ilinitia hata aibu. Nilikula ugali wa jana kwa maziwa ya mgando, nikamaliza, nikakwangua chungu. Mama mkwe alinitazama mpaka nilipoweka chungu chini, akasema, "Haya, sasa huyu atatumaliza."

Wajukuu zangu leo wakishika mimba wananiuliza, bibi, mwezi wa nne kunakuwaje, wa tano kunakuwaje? Nawaambia ndiyo miezi yenye nafuu kuliko yote, lakini ina vituko vyake. Tumbo linatokeza ghafla; jana umefunga shuka vizuri, leo fundo halifiki. Unapata kiungulia cha kukuamsha usingizini. Kuna mstari mweusi unashuka kutoka kitovuni, mimi nilidhani ni uchafu nikausugua kwa jiwe la mtoni mpaka ngozi ikachubuka. Kiuno kinauma ukiinama kusaga, kinauma ukisimama. Na ile hamu ya udongo! Kulikuwa na kichuguu njiani kuelekea mtoni ambacho nilikimega kila siku, mpaka mama mkwe akauliza kama nina mpango wa kukihamishia nyumbani.

Tulikuwa tunakaa upande wa Nyambureti, mimi nikiwa nimeolewa kutoka huko juu, Tarime. Mume wangu alikuwa askari wa Wazungu, enzi hizo za ukoloni, kambi yake iko Kenya, na alikuwa amekuja likizo Krismasi akarudi. Kwa hiyo hesabu ya mimba yangu haikuwa na ubishi, kila mtu aliijua. Nyumbani tulibaki mimi na mama mkwe na ng'ombe.

Mama mkwe alikuwa mtu mwema lakini miiko yake, jamani, haikuisha. Nisile mayai. Nisiruke kamba ya ng'ombe. Nisisimame mlangoni, ama niingie ama nitoke. Yote hayo niliyafuata, mengine nikinung'unika. Uliokuwa mzito ni mmoja: mwenye mimba hamtaji mtoto aliyekufa, yule wa tumboni asije akamfuata mwenzake.

Na mimi nilikuwa naye aliyekufa. Binti yangu wa kwanza, alikuwa ameshatembea, ameshaota meno yote ya mbele, surua ikamchukua mwaka uliotangulia, katikati ya palizi. Tulimzika, kesho yake tukarudi shambani kwa sababu magugu hayangojei mtu. Mimba hii ilipoingia, jina lake likafungwa. Mama mkwe hakulitaja, mimi sikulitaja.

Ndiyo maana mwezi wa tano ulinitia hofu kuliko nilivyoonyesha. Binti yule, alipokuwa tumboni, mwezi wa tano alishaanza kunigonga. Huyu alikuwa kimya. Kila asubuhi mama mkwe, akiwa bado anakamua, aliniuliza kwa Kikurya chetu bila kugeuza kichwa, "Amegonga?"

"Bado."

Anaendelea kukamua. Siku nyingine nilitamani asiulize. Nilipalilia wimbi, nikasaga, nikabeba maji, na kila nilipopumzika kidogo nilishika tumbo nikangoja. Hakuna kitu. Palizi ikaisha. Zikapita wiki nyingine. Mwishowe mama mkwe akasema, "Twende kwa hao watu wa misheni wakutazame." Yeye ambaye hata kidonge cha kichwa alikuwa akikitupa kwa kuku!

Tulitoka Jumanne alfajiri, tukafika zahanati jua limeshapanda. Mama mkwe hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji, akakaa nje kwenye kivuli cha ukuta. Mimi nilijiona mjuzi. Nilikuwa nimesoma kidogo darasa la ubatizo, na kilichobaki nilifundishwa na mume wangu, nacho kilikuwa Kiswahili cha kambini: lete, weka, simama, ondoka, upesi. Kwa Kiswahili hicho nikaingia ndani kifua mbele.

Nesi alikuwa mama wa makamo, mgeni kutoka pwani, mwenye kuongea haraka na kwa upole. Nikamwamkia shikamoo. Akaniuliza kijiji, nikajibu. Akaniuliza mimba ina miezi mingapi, nikajibu, mitano. Akaandika. Halafu bila kuinua macho akauliza, "Na mtoto anacheza?"

Mimi mtoto aliyewahi kucheza nilikuwa naye mmoja tu, yule binti yangu. Huyu mwanamke amemjuaje? Tena anamuulizia hapa, nami na tumbo langu? Hasira zikanipanda, hasira na uchungu pamoja, nikamjibu kama askari:

"Hachezi. Mtoto amekufa."

Kalamu ikasimama. "Amekufa? Tangu lini?"

"Tangu palizi."

"Palizi! Na wewe ukakaa tu nyumbani?"

"Ningekwenda wapi?"

Akanilaza haraka kitandani, akanifunua tumbo, akachukua kidude cha mti kilichofanana na kinu cha mtoto, akaweka upande mmoja tumboni na upande mwingine sikioni. Akasikiliza. Akahamisha, akasikiliza tena. Nilimtazama usoni, na uso wake ulizidi kukunjamana.

"Pole sana, mama," akasema. "Utalala hapa. Daktari anakuja keshokutwa, Alhamisi. Atakusafisha."

Loo! Anisafishe? Mimi nilikuwa nimeoga mtoni alfajiri ile, maji baridi kama nini, nikajisugua hadi visigino kwa ajili ya safari. Nilitaka kumwambia kwamba sisi wa bara pia tunaoga, lakini Kiswahili cha maneno hayo sikuwa nacho. Nikatoka nje nikamwambia mama mkwe kwamba nimelazwa mpaka Alhamisi. Akaguna, akaniachia kibuyu cha uji wa wimbi, akaondoka kuwahi ng'ombe.

Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja Mjaluo, anatibiwa jipu la titi, mtoto wake mchanga pembeni. Alikuwa amezaliwa jirani na sisi Wakurya, lugha yetu anaisema bila shida. Nikamlalamikia. Nikasema, hawa watu wa pwani wana dharau, eti daktari atoke huko mbali na motokaa aje kuniosha.

Hakucheka. Akaweka mtoto wake chini akasema taratibu, "Dada, si kuosha mwili. Wanasema mtoto amefia tumboni. Daktari anakuja kumtoa."

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba nilijifunika shuka nikageukia ukutani. Haikuniingia akilini kubisha. Si kweli alikuwa kimya? Si nesi alisikiliza kwa kidude chake? Mimi ni nani nibishane na kidude? Nilijiambia, basi, amemfuata mwenzake. Nilimlilia wa tumboni, na nikiwa namlilia yeye nikajikuta namlilia na yule mwingine, ambaye sikuwa nimemlilia tangu palizi ile kwa sababu kazi ilikuwa nyingi.

Jumatano nililala kutwa nzima. Lazima mjue kwamba katika maisha yangu sikuwa nimewahi kulala mchana. Nyumbani, tangu kunakucha, nimeinama ama nimebeba. Siku ile sikupalilia wala sikusaga. Nililala chali nikahesabu mabati ya dari, nikayamaliza nikaanza upya. Uji wa mama mkwe nilikuwa nimeunywa wote kwa sababu ya huzuni. Huzuni yangu mimi haijawahi kuninyima chakula.

Mchana, jua likiwa linapiga dirishani, nikasikia kitu chini ya kitovu. Kidogo sana, kama samaki akigeuka kwenye ndoo. Nikazuia pumzi. Kimya. Nikasema ni uji wa wimbi unatembea tumboni. Kikarudi, mara mbili, upande wa kushoto, na safari hii nikamjua. Jamani, kitu hicho hakifanani na gesi. Aliyewahi kukisikia hawezi kukikosea.

Nikaruka kitandani. "Amegonga!" nikamwambia Mjaluo. "Amegonga, yuko hai!"

"Kamwambie nesi!"

"Kwa Kiswahili nasemaje?"

"Sema mtoto anacheza."

Nikasimama pale katikati ya chumba, miguu mitupu, mdomo wazi. "Sema nini?"

"Anacheza. Mtoto wa tumboni akigonga, Waswahili wanasema anacheza."

Sijui nilivyofika kwenye chumba cha nesi. Alikuwa anachemsha sindano. Nikamshika mkono na maji yake ya moto, nikapiga kelele, "Anacheza! Mtoto anacheza! Daktari asije!"

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile iliniogopesha kuliko kidude. Akanikalisha. "Mama, pole. Wengi wanasikia hivyo. Ni upepo tu. Mtoto aliyekufa tangu palizi hawezi kucheza."

"Palizi hapana!" Kiswahili chote kilinikimbia, nikawa nakidaka kimoja kimoja. "Palizi nyuma! Mwaka nyuma! Ule mwingine! Alitembea, meno hapa, surua! Ule alikufa. Huyu hapana kufa!"

Nikaona jambo linamwingia nesi pole pole. Akazima jiko, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu magoti yetu yakigusana. Akaweka kiganja chake tumboni mwangu, cha moto kutokana na sindano, na hakukiondoa.

"Nilikuuliza mtoto anacheza," akasema, "ukadhani nakuuliza huyo."

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Na huyo," akauliza, "alikuwa akicheza nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Mwiko wa mama mkwe nilikuwa naujua. Lakini kumficha yule, kana kwamba hakuwahi kuwapo, kulikuwa karibu kunigharimu na huyu wa pili. Nikasema.

Nikamwambia alikuwa akicheza na magunzi ya mahindi. Magunzi ni ng'ombe zake. Na zizi lake lilikuwa ngata yangu, ile pete ya majani ninayoweka kichwani kubebea mtungi. Anaiweka chini, anawaingiza ng'ombe ndani mmoja mmoja, akiwahimiza kwa sauti ya baba yake. Kila jioni nikitaka kwenda mtoni natafuta ngata, naikuta imejaa magunzi. Nayamwaga.

"Nilimfokea," nikamwambia nesi. "Kila siku. Kila siku namfokea."

Nikalia, naye hakunikataza. Na nikiwa katikati ya kulia, yule wa ndani akapiga teke chini ya kiganja chake, la nguvu, wala hakuna aliyeweza kusema ni upepo. Nesi akashtuka, akacheka, na machozi yakamtoka na yeye.

"Huyu anacheza," akasema. "Huyu mtundu."

Alhamisi daktari alikuja, akanishika tumbo, akasema niendelee na kazi zangu ila nisibebe mizigo mizito. Mama mkwe alipofika na nikamtafsiria, alicheka mpaka akakohoa: nisibebe mizito! Njiani, tulipofika kwenye kichuguu changu, aliuliza bila kugeuka, "Amegonga?" Nikamjibu, "Anacheza," kwa Kiswahili, na nikamweleza maana yake na yote yaliyotokea, pamoja na magunzi. Nilingoja anigombeze kwa kuvunja mwiko. Alitembea mpaka tukaiona nyumba, halafu akasema kwamba magunzi hakuwahi kuyatupa. Yako kwenye kikapu, juu ya ghala.

Nilizaa mvulana wakati wa mavuno. Alipoweza kukaa bila kuegemea, mama mkwe alikishusha kikapu kile. Mimi nikaivua ngata yangu nikaiweka chini mbele yake, nikachukua mtungi, nikaenda mtoni kichwa kitupu.